Jibu: Kupiga picha wacheza mapiko hapa Mwanza

Mkuu, umeuliza namna ya kupiga picha kikundi cha Wamakonde wanaoishi hapa Mwanza, wakiwa na mavazi yao ya mapiko, yaani ngoma yao ya vinyago, kwa ajili ya maonyesho. Nimewahi kuwapiga, nikupe ninayoyajua.

Kwanza kaa na mzee wa kikundi, kamera ikiwa bado kwenye begi. Kwa mila, anayecheza lipiko (mhusika aliyevaa kinyago; wengi ni mapiko) hatakiwi kutambulika: mwili mzima hufunikwa nguo, kichwa kiko ndani ya kinyago, na zamani wanawake na watoto ambao hawajapita jandoni hawakupaswa kujua ni nani. Kwa hiyo usipige anapovaa wala anapovua apumzike, na jina lake usiliandike chini ya picha bila ruhusa. Siku hizi wapo wasiojali, ila uamuzi ni wao.

Kinyago huchongwa kwa mti mwepesi, mara nyingi hubandikwa nywele halisi za binadamu, na vingine vina chale kama za wazee wao. Mchezaji huonea mdomoni mwa kinyago, hivyo uso wake huelekea juu kidogo. Ukichuchumaa utaambulia kidevu. Panda juu ya jiwe, au subiri ainame.

Wahi kabla ngoma haijaanza. Wapigaji huwasha moto wa kukaza ngozi za ngoma; wale niliowapiga walichoma maboksi na nyasi kavu. Mzee mmoja alikuwa akigonga ngozi kwa ncha za vidole, anatega sikio, anairudisha motoni, anagonga tena. Picha ya vidole vile ndiyo waliyoigombania kuituma kwao Newala, mkoani Mtwara, kuliko zote za uwanjani.

Sasa mandhari. Wengi watakushauri utundike kitambaa cheusi nyuma yao. Siafiki kabisa. Kutoka Mtwara hadi huku ni zaidi ya kilomita 1,500, na ndugu hawa wanacheza mapiko katikati ya Wasukuma waliozoea bugobogobo, ngoma yao inayochezwa kwa majembe. Hilo ndilo la kusherehekea! Acha mawe ya Mwanza yaonekane, acha na watoto wa mtaa wanaochungulia. Kitambaa kinawafanya wafanane na vitu vya kabatini.

Ukipiga ziwa likiwa nyuma yao, mng'ao wa maji huidanganya kamera na watu wanatoka weusi tii. Ongeza mwanga kwenye kamera hatua moja (exposure +1), au wageuze jua la jioni liwapige usoni. Kasi ya shata weka 1/500 ya sekunde kugandisha miguu, 1/60 ukitaka nguo zionekane zikipepea.

Posho mpatane mapema, pamoja na picha zitakapotumika. Ukiwatumia kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti zisipoteze ubora, na wazee wachapishie za karatasi. Ukishapiga za majaribio ziweke hapa tuziangalie, hasa za kinyago.