Maji ya waipa yanapoganda: majibu kwa walioko Minnesota na majirani

Baridi imeingia na maswali yamerudi yale yale kuhusu maji ya waipa, yale yanayorushwa kuosha kioo cha mbele cha gari. Nimechagua yanayogusa wengi. Lile la mama wa Fargo lisomeni hata kama hamna gari.

Shikamoo fundi. Nilinunua maji ya waipa dukani, ya bluu, wala sikuchanganya na ya bomba. Leo asubuhi nabonyeza, hayatoki. Nimeuziwa feki? (St. Cloud)

Marahaba. Feki hukuuziwa. Uliangalia rangi, hukusoma namba. Lichukue hilo galoni ulisome vizuri, na likiwa limeandikwa 32 F, basi jibu unalo mkononi. Sisi tuliozoea Selsiasi tukiona 32 tunawaza joto la Dar mwezi wa pili. Kwa Farenhaiti, 32 ndipo maji yanapoganda, sawa na sifuri yetu. Hayo ni maji ya kiangazi, ya kutolea wadudu kwenye kioo, na usiku wa baridi yanaganda kama ya bomba. Ya kipupwe mara nyingi huandikwa -20 F, ambayo ni -29 Selsiasi. Rangi hutiwa kiwandani, iwe bluu, zambarau au ya chungwa, na haikwambii lolote kuhusu baridi.

Hata hiyo -20 F si ngao ya kila siku. Mwishoni mwa Januari 2019 Minneapolis ilishuka hadi -28 F. Swali hili nalijibu kila mwaka, na kila mwaka watu wananunua kwa rangi. Someni namba!

Kioo kimeshika barafu na nimechelewa kazini. Nimwage maji ya moto? (Rochester)

Hapana. Kioo kinaweza kupasuka.

Jirani kanishauri nitie kulanti ya rejeta, ile ya kupozea injini, kwenye tangi la waipa, eti haigandi. (Minneapolis)

Haigandi upesi, kweli, lakini itakupofusha barabarani. Kulanti ina glaikoli, ambayo ni nzito na yenye utelezi. Waipa zikipita inabaki kama mafuta, na taa za gari linalokuja mbele zinatawanyika kioo kizima. Tena ni sumu, na ina ladha tamu. Mbwa wanailamba wanakufa, na mtoto naye hajui tofauti. Chumvi nayo msitie, inakula chuma. Kila chombo ndani ya boneti kina maji yake, na mfuniko wa tangi la waipa umechorwa kioo na mchirizi wa maji ili usikosee.

Maji yangu ni ya -20 F na nje ilikuwa 10 F tu. Nilirusha nikiwa barabara kuu ya I-94, kioo kikawa cheupe papo hapo, nisione kitu. Imekuwaje? (Eagan)

Pole, na ushukuru umefika. Hili linahitaji maelezo.

Unakumbuka nesi akikupaka spiriti mkononi kabla ya sindano, unavyohisi ubaridi? Spiriti inaporuka inaondoka na joto la ngozi. Maji ya waipa nayo yana pombe, hasa methanoli, na ndiyo inayoyazuia kugandia tangini. Ukirusha kwenye kioo kibaridi huku gari lina kasi, upepo unaipeperusha pombe kwanza. Kioo kinazidi kupoa, yanayobaki ni maji karibu matupu, na maji matupu hapo hayana ujanja, yanaganda. Ile namba ya kwenye galoni inapima maji yakiwa tangini, haipimi kioo kinachopigwa na upepo.

Kwa hiyo kioo kipate joto kwanza. Washa injini, elekeza hita yote kwenye kioo cha mbele, kwangua barafu ya nje, na subiri mpaka ukigusa kioo kwa ndani usikie uvuguvugu. Usirushe maji dakika za mwanzo za safari. Ukiwa nyuma ya lori linalorusha tope la chumvi, ongeza nafasi kati yenu mapema, ili usilazimike kurusha kwa hofu. Na asiachwe mtu gerejini na injini inanguruma mlango umefungwa; moshi wake unaua.

Niliongeza maji ya kipupwe juu ya yale ya kiangazi. Sasa hayatoki, na pampu haitoi hata sauti. (Columbus, Ohio)

Umeyazimua. Nusu kwa nusu, yale ya -20 F yanaweza kuganda usiku wa baridi kali wa Januari. Acha kubonyeza, pampu ikisukuma barafu inaunguza fyuzi, na yako pengine imeshaungua. Liingize gari mahali penye joto, uliache saa kadhaa. Kisha badilisha fyuzi, rusha mpaka tangi liishe, jaza ya kipupwe matupu, na urushe tena hadi yafike kwenye matundu, maana yaliyobaki kwenye mipira ndiyo huganda mapema. Kazi hii ilikuwa ya Oktoba.

Galoni ni kubwa, naweza kugawa kwenye chupa za soda, moja ikae ndani ya gari? (Mama wa watoto watatu, Fargo)

Mama, nakusihi, usifanye hivyo. Ni maji ya bluu yanayofanana kabisa na kinywaji cha watoto. Methanoli ikiingia mwilini inageuka asidi inayoua mishipa ya macho. Kiasi kidogo tu kinaweza kumpofusha au kumuua mtoto. Kinachodanganya ni kwamba mwanzoni anaweza kuonekana mzima, na dalili zije saa nyingi baadaye. Akinywa, usisubiri na usimtapishe. Piga 1-800-222-1222, namba ya bure ya sumu kwa Marekani yote, na omba mkalimani wa Kiswahili ukihitaji. Akilegea au asipoamka, piga 911. Hospitali wana dawa ya kuizuia sumu hiyo, lakini inataka kuwahiwa.

Yaache kwenye galoni lake, mfuniko umekazwa, juu watoto wasikofika, mbali na moto. Wala usiyapashe jikoni, yanawaka.

Tunaenda Winnipeg kwenye harusi Januari. Yale ya -20 yanatosha? (Moorhead)

Hayatoshi. Nunua ya -40. Hapo Selsiasi na Farenhaiti zinakutana, huwezi kukosea.