Diploma ya uvuvi, ndoto ya redio

SWALI: Shikamoo Mama. Nina diploma ya uvuvi, naishi Igoma, Mwanza. Natamani kutangaza redio ya taifa, ila wenzangu wanasema bila kusomea uandishi wa habari nisijisumbue. Ni kweli?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nusu kweli. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inamtaka mwandishi awe na ithibati, yaani kibali rasmi cha kufanya kazi hiyo, kwa hiyo darasa hulikwepi. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT) kiko hapo hapo Mwanza, Malimbe.

Lakini hiyo diploma usiitupe! Mimi niliingia studio nikitokea ualimu, na msomaji bora wa taarifa pale kwetu alikuwa fundi mitambo. Njia zenyewe hazijanyooka: Tido Mhando alitoka Radio Tanzania, akaja kuiongoza Idhaa ya Kiswahili ya BBC, kisha akarudi kuiongoza TBC, shirika la utangazaji la taifa.

Sauti nzuri wanazo wengi (wengine hawana kingine). Anayeweza kueleza kwa nini dagaa huadimika mbalamwezi ikiwaka, taa za karabai zikikosa nguvu ya kuwavuta, ni adimu. Anzia redio ya jamii, na kipindi cha wavuvi. Malipo? Nauli, ukibahatika. Simu yako inatosha kurekodi. Wahi soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, alfajiri kabla wachuuzi hawajatawanyika.