Kwanza kijiko, tambara baadaye

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: "Rangi ya ukutani ikimwagikia sakafu, zulia au nguo, wewe unaitoa kwa kitu gani?" Nimepaka rangi nyumba za watu kwa miaka mingi, na jibu langu ni kijiko.

Najua wengi wataandika majina ya dawa. Dawa nitazitaja, ila madoa yaliyonishinda, karibu yote yalikuwa yameshaharibiwa kabla sijafika, na aliyeyaharibu ni mwenye nyumba aliyekimbilia tambara bichi na kuanza kusugua. Rangi iliyomwagika ni rundo. Ukiisugua unaitandaza, tena unaisukumiza ndani ya nyuzi. Kijiko kinazoa. Anzia ukingoni uelekee katikati, na kila ukizoa kifute kijiko. Rundo likiisha, weka tambara kavu juu, ligandamize kwa kiganja, liinue, geuza upande msafi, gandamiza tena. Mpaka hapo hujafungua chupa yoyote, na sehemu kubwa ya rangi imekwisha ondoka.

Ndipo sasa uulize: ni rangi gani? Soma kopo. Likikwambia brashi ioshwe kwa maji, hiyo ni rangi ya maji; likikwambia tapentaini au tina, ni ya mafuta. Kopo likiwa limetupwa na rangi imekauka, chovya pamba kwenye spiriti na usugue mahali pa kificho palipopakwa rangi hiyo hiyo. Ikilainika na kushika kwenye pamba, ni ya maji. Ikikaa kimya, ni ya mafuta.

Jina la rangi ya maji linawapoteza wengi, maana wanadhani maji yataitoa wakati wowote. Ndani ya kopo kuna chembe ndogo mno za plastiki, mara nyingi akriliki, zinazoelea majini pamoja na unga wa rangi. Maji yakikauka, chembe husogeleana, hubanana na kuungana zikawa ngozi moja, na ngozi hiyo haigeuki tena kuwa rangi kwa kuloweshwa. Kwa hiyo nguo ikidondokewa, vua papo hapo. Igeuze nje ndani, ishike chini ya bomba la maji baridi, maji yapige mgongo wa doa ili rangi itokee ilikoingilia. Kisha tia sabuni ya vyombo, sugua taratibu kwa vidole, suuza, rudia. Ukiwahi, kazi ni ya dakika chache.

Ukichelewa, bado una nafasi. Rangi ya maji hukauka juu kwa saa moja hivi, lakini huendelea kukomaa kwa wiki kadhaa, na doa la jana ni laini kuliko la mwezi uliopita. Kwangua kwa ukucha kinachokubali kutoka. Lowesha kilichobaki kwa spiriti, kisubiri dakika tano, kisha tumia mswaki mkuukuu, tambara jeupe likiwa chini ya nguo. Jaribu kwanza kwenye pindo la ndani, kwani spiriti inaweza kutoa rangi ya nguo pamoja na rangi ya ukuta.

Rangi ya mafuta ina tabia yake. Haikauki kwa kupoteza tina peke yake. Inavuta oksijeni ya hewani na kubadilika kabisa, na ikishabadilika hairudi nyuma. Hili nilifundishwa na shati langu mwenyewe, siku nilizokuwa kijana wa kubeba ngazi. Rangi nyeupe ya mlango ilinishika mkononi mwa shati. Jioni nikaliloweka kwenye maji ya moto na sabuni ya unga, nikalifikicha mpaka vidole vikauma, na kwa kuwa lilikuwa shati langu pekee la maana, nikalikausha kwa pasi. Asubuhi fundi wangu akaligusa doa kwa kidole.

"Ulilifua kwa nini?"

"Kwa sabuni, fundi. Na pasi nimepiga."

"Basi umelipika."

Na kweli nilikuwa nimelipika. Maji hayana la kufanya na mafuta, na joto linaharakisha ule ugumu. Nilichotakiwa kufanya ni kutandaza tambara jeupe, kulaza doa kifudifudi juu yake, na kugonga mgongo wa doa kwa pamba yenye tapentaini, nikisogeza tambara kila linapopokea rangi. Baada ya hapo sabuni ya vyombo ya kuondoa mafuta, suuza, anika nje mpaka harufu iishe, ndipo ufue kama kawaida. Nguo inayonuka tapentaini au tina usiitie kwenye mashine, ya kufulia wala ya kukaushia, kwa kuwa mvuke wake hushika moto. Pasi isikaribie mpaka doa liwe limekwisha.

Asetoni, ile ya kuondolea rangi ya kucha, ina nguvu kuliko zote na ndiyo inayoleta majuto. Huyeyusha kitambaa cha asetati, kile cha kiwandani kinachofanana na hariri: si doa tu, kitambaa chenyewe. Huharibu plastiki nyingi. Kuna kiti nilichokisafisha kwa asetoni kikabaki na alama za vidole vyangu kama nimekishika kikiwa udongo. Na dawa ya klorini ya kung'arisha nguo msiihangaikie: inatafuna rangi ya kitambaa, doa linabaki lilivyo, ila sasa limezungukwa na weupe. Ukiichanganya na spiriti, asetoni au amonia, unatengeneza sumu.

Sakafuni na madirishani mambo ni mepesi zaidi. Kwenye kioo, lowesha kwa maji ya sabuni, laza wembe na usukume upande mmoja tu; wembe mkavu huchora. Kwenye vigae vilivyong'arishwa, tone nene heri uliache likauke, utalibandua zima kwa kadi ya plastiki. Kinachosumbua ni ile mistari ya saruji kati ya vigae, kwa sababu inafyonza, na hapo usisubiri rangi ikauke. Iwahi kwa mswaki. Mbao zilizopigwa vanishi nazianza na maji ya sabuni na kadi. Spiriti naiweka mwisho kabisa, maana vanishi nyingine hulainika pamoja na rangi. Kwenye zulia, dawa itie kwenye tambara, usiimimine: ikifika chini italainisha gundi inayoshika nyuzi, na zulia litaanza kubanduka.

Kuna dawa za kuchubulia rangi ngumu, na hapa nawaomba msome kibandiko. Zile zenye kloridi ya methilini zimeua watu waliozitumia kwenye bafu lisilo na dirisha wazi. Mwili huigeuza ikawa kaboni monoksidi. Marekani ilizuia mwaka 2019 zisiuzwe kwa watu wa kawaida kwa kazi hiyo. Na kama nyumba ni ya zamani, usipige msasa mkavu kwenye rangi yake. Rangi nyingi za kale zilitiwa madini ya risasi, na vumbi lake ni baya zaidi kwa watoto.

Ngozi yako usiipake tina. Mafuta ya kula, sugua, kisha sabuni.

Nimebakiza matambara, ambayo hakuna anayeyauliza. Tambara lenye rangi ya mafuta, au mafuta ya mbegu za kitani, likikunjwa na kutupwa kwenye rundo, ule uvutaji wa oksijeni niliousema hapo juu unaendelea humo ndani na kutoa joto, na joto lisipopata pa kutokea tambara huwaka lenyewe. Februari 1991, huko Philadelphia, Marekani, jengo la ghorofa 38 liliungua kwa matambara ya namna hiyo yaliyoachwa na mafundi katika ghorofa ya 22. Wazima moto watatu walikufa. Mimi yangu nayaanika nje kwenye kamba, moja moja, yasigusane. Yakishakauka na kukakamaa kama ngozi ya ngoma ndipo nayatupa.