Mwanangu Anarusha Shingo Kila Mara: Je, Tumkataze?

SWALI: Mwanangu wa kiume ana umri wa miaka 14. Tangu akiwa na miaka 7 amekuwa akipepesa macho mno, na mwaka huu ameanza kurusha shingo upande mmoja na kuguna hata pale asipokuwa na mafua. Walimu wanasema darasani hutulia, lakini akirudi nyumbani hali huzidi, na kwa sababu hiyo baba yake anaamini kwamba anafanya makusudi, naye humkaripia. Tufanyeje?
Mama mwenye wasiwasi

JIBU: Mama, nawasihi kwanza mwache kumkaripia. Dalili ulizozieleza zinafanana sana na tiki, yaani miondoko na sauti za ghafla zinazotokana na namna ubongo unavyoratibu misuli, wala si ukaidi au matokeo ya malezi mabaya. Kabla ya shingo kuruka, vijana wengi huhisi mkazo au mwasho usiotulia mpaka kitendo kifanyike. Mwanao anaweza kuuzuia kwa muda darasani, kwa juhudi inayomchosha na kumwondolea umakini katika masomo, kisha akafika nyumbani, ambako haogopi kuchekwa, akaacha kujizuia. Baba yake anapaswa kulielewa hili kuliko jambo lingine lolote, kwa kuwa karipio huongeza wasiwasi, na wasiwasi huongeza tiki.

Mpelekeni kwa daktari wa watoto au wa mishipa ya fahamu. Miondoko ya aina mbalimbali ikiambatana na sauti kwa zaidi ya mwaka mmoja, hali huweza kuitwa ugonjwa wa Tourette. Mara nyingi tiki hupamba moto kati ya miaka 10 na 12, kisha kwa wengi hupungua kadiri ujana unavyokomaa.

Tiba ya kuanzia ni mazoezi ya kubadili tabia, ambayo msingi wake uliwekwa na wanasaikolojia Nathan Azrin na Gregory Nunn mwaka 1973. Kijana hujifunza kutambua ule mkazo unapoanza, kisha hufanya kitendo kisichoweza kwenda pamoja na tiki: kwa shingo, hushusha kidevu kidogo na kukaza misuli ya shingo taratibu, akipumua kama kawaida, kwa dakika moja hivi au mpaka mkazo upite. Aongozwe na mtaalamu, na ninyi mpongezeni anapojaribu, bila kuhesabu anaposhindwa. Dawa zipo pia, ila kwa maoni yangu zifikiriwe pale tiki zinapomuumiza au kumvurugia maisha.

Mwombeni mwalimu amruhusu kutoka darasani kidogo anapozidiwa, naye alale vya kutosha. Lakini akipoteza fahamu, akilegea upande mmoja wa mwili, au miondoko mipya ikianza mara tu baada ya kutumia dawa fulani, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.