Maswali ya Wasomaji: Northwood ni Makao Makuu ya Nani?

SWALI: Makala yenu ya toleo lililopita kuhusu maharamia wa Somalia ilieleza kuwa manowari za Ulaya zilizosindikiza shehena za chakula cha msaada kutoka Mombasa ziliongozwa kutoka Northwood, karibu na London. Shemeji yangu, baharia mstaafu, anashikilia kwamba hapo ni makao makuu ya operesheni za majeshi ya Uingereza, nami nimesoma kwamba ni pa NATO. Nani yuko sahihi, na makao hayo yalianzaje? (Msomaji, Kisauni)

JIBU: Nyote wawili mko sahihi, kwani kambi ni moja lakini wapangaji ni wengi. Anayetajwa na shemeji yako ni Makao Makuu ya Kudumu ya Pamoja, yaliyoanzishwa Aprili 1996, na katika jina hilo neno lenye uzito ni "kudumu".

Uingereza ina majeshi matatu, yaani la wanamaji, la nchi kavu na la anga, kila moja likiwa na mkuu wake, mila zake na, tuseme kweli, wivu wake. Kabla ya 1996, vita vilipozuka, uongozi wa pamoja uliundwa upya kwa kuegemea makao ya jeshi mojawapo. Argentina ilipovamia visiwa vya Falkland tarehe 2 Aprili 1982, kazi ilimwangukia Admeri John Fieldhouse, mkuu wa meli za kivita, aliyekuwa na ofisi hapo hapo Northwood, mahali ambapo katika Vita Kuu ya Pili Jeshi la Anga liliongozea msako wa nyambizi za Kijerumani. Ushindi ulipatikana tarehe 14 Juni, lakini mwanzoni makamanda waliokuwa baharini, maelfu ya kilomita kutoka kwake, hawakuelewana vizuri nani alikuwa na kauli juu ya nani. Katika vita vya Ghuba vya 1991 uongozi ulihamia High Wycombe, kwenye makao ya Jeshi la Anga, chini ya mkuu wake, Patrick Hine, na watu wengine wakaanza kujifunza kazi ile ile. Mapitio ya gharama za ulinzi ya 1994 ndiyo yaliyopendekeza kuukomesha mtindo huo.

Mkuu wa makao haya, ambaye kwa kawaida ana cheo cha Luteni Jenerali au kinacholingana nacho, hamiliki jeshi. Serikali huamua kama nchi iingie vitani, na lengo humfikia kupitia Wizara ya Ulinzi. Majeshi matatu huandaa askari, meli na ndege. Yeye huligeuza lengo kuwa mpango, huomba vikosi vinavyohitajika, kisha huviongoza na kuhakikisha vinapata mafuta, risasi na chakula. Nyambizi zenye silaha za nyuklia hazimo katika himaya yake.

Faida ya utaratibu huo ilionekana Sierra Leone mwezi Mei 2000. Brigedia David Richards alifika Freetown haraka akiwa na kikundi kidogo cha maofisa wa makao hayo waliokwisha kuzoea kufanya kazi pamoja. Alitumwa kuwahamisha raia, akaishia kusaidia kuulinda mji dhidi ya waasi wa RUF, jambo lililovuka maagizo aliyopewa. Makao ya pamoja hurahisisha safari. Hayamfungi kamanda mwenye maamuzi yake.

Nawe pia hukukosea, kwa kuwa kamandi ya NATO ya majeshi ya majini imo katika kambi hiyo hiyo. Ama operesheni ya kupambana na maharamia uliyoisoma, iitwayo Atalanta, ilikuwa ya Umoja wa Ulaya. Ilianza Desemba 2008 na makao yake yalikuwa ofisi nyingine tena ndani ya uzio huo, yenye maofisa wa mataifa mbalimbali. Uingereza ilipokuwa ikijitoa katika Umoja huo, makao ya Atalanta yalihamishiwa Rota, Hispania, mwezi Machi 2019.