Simu za ofisi: toleo la bure au la kulipia?

Maswali ya safari hii yanahusu programu za seva (kompyuta inayozitumia simu amri kupitia mtandao) za kusimamia simu za kazini, zinazomwezesha mwenye ofisi kuifunga simu, kuiwekea programu au kuifuta akiwa mbali nayo.

Nina maduka mawili ya dawa hapa Ngamiani na simu tisa za Android. Muuzaji ananisukuma nichukue toleo kamili. La bure halitoshi?

Linatosha, dada. Mobile Device Manager Plus ya ManageEngine, kwa mfano, ni bure hadi vifaa 25. Ila jua mapema kwamba simu ya Android haiwi chini ya ofisi kikamilifu mpaka iwe mpya au imefutwa yote. Ikiwaka na kuleta ukurasa wa kukaribisha, gusa skrini mara sita mahali pamoja, kisha skani msimbo wa QR unaotolewa na seva. Basi hamisha picha na namba kwanza, na uanze na simu moja.

Fundi wetu anataka kuweka seva ya bure kwenye kompyuta ya zamani hapa ofisini, Chumbageni. Umeme ukikatika itakuwaje?

Masharti yaliyokwisha kuwekwa kwenye simu hubaki, ila amri mpya hazifiki. Simu ikiibwa stendi ya Kange saa mbili usiku na seva imezimika tangu alasiri, hamwezi kuifunga. Kwa hiyo nawaomba sana, seva hiyo isikae chini ya meza. Headwind MDM, ambayo ina toleo huria (msimbo wake uko wazi kwa wote) la bure kwa simu za Android, ni nzuri, lakini iwekeni kwenye seva ya kukodi, yenye jina lake la kikoa (anwani yake ya mtandaoni), cheti cha usalama na nakala rudufu. Nywila zake wazijue watu wawili, maana fundi akipata kazi Dar ofisi nzima itabaki nje ya mlango. Kama hamna mtu wa kuihudumia, lipieni toleo la mtandaoni ili mwenye programu aiangalie seva kwa niaba yenu. Hiyo ndiyo sababu ya kulipia ninayoiheshimu kuliko zote.

Maofisa mikopo wa SACCOS yetu, Muheza, wanatumia simu zao binafsi. Toleo kamili linaonyesha mtu alipo saa zote. Tulichukue?

Kwa sababu hiyo, hapana. Simu ni mali ya mtu. Ndani yake mna picha za watoto wake na mazungumzo na mkewe. Tumieni wasifu wa kazini, uliokuja na Android 5.0 mwaka 2014: programu za ofisi hukaa upande wao, na ofisa akiacha kazi mnafuta upande huo tu. Picha na ujumbe wake ofisi haivioni. Tena Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inataka mtu ajue taarifa zake zinakusanywa kwa sababu gani. Waiteni, waelezeni, wasaini wakiwa wameelewa.

Hoteli yetu Pangani ina iPhone nne. Kuna la ziada?

Lipo, liwe toleo la bure au la kulipia: cheti cha Apple cha kutuma amri. Hakina malipo, lakini huhuishwa kila mwaka kwa akaunti ileile ya Apple iliyokiomba. Kikiachwa kiishe kabisa na kuombwa kipya, simu zote husajiliwa upya. Kiombeni kwa barua pepe ya hoteli, kisiombwe kwa ya mfanyakazi.

Nikilipia, simu iliyoibwa itafutika kweli?

Ikiingia mtandaoni tu. Mwizi akitoa laini na kuizima, amri husubiri kwenye seva, hata kama leseni ni ya bei gani. Hadi hapo kinachokulinda ni namba ya siri ya kufungulia simu, na sharti hilo matoleo ya bure nayo yanaliweka. Liweke la tarakimu sita, leo.