Kabla Hujafungua Sehemu ya Kwanza, Uliza Inaishia Wapi

Tamthilia iliyonishika kuliko zote mwaka 2025 ilikuwa na sehemu nne. Basi. Iliyonichosha kuliko zote ilianza mwaka 2016, na mwisho wake ulifika saa kumi alfajiri ya Januari mosi 2026 kwa saa zetu, wakati majirani wangali wanashangilia mwaka mpya. Jamaa zangu hapa Tororo, Uganda, wakiniuliza watazame nini, mimi huwarudishia swali: umenunua bando la ukubwa gani, na unataka kukaa na hao watu mpaka lini?

Huenda aliye na intaneti ya waya nyumbani asinielewe. Sisi wa simu tunalipa mara mbili. Kuna ada ya mwezi, halafu kuna data, na data ya Uganda inabeba ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021, ulipochukua nafasi ya ile shilingi 200 ya kila siku tuliyokuwa tukilipa ili kufungua mitandao ya kijamii. Netflix wenyewe wanasema kiwango cha chini cha picha kinakula takriban GB 0.3 kwa saa, cha kati GB 0.7, na picha safi kabisa ya HD inaweza kufika GB 3 kwa saa. Kwa hiyo tamthilia ya saa kumi inaweza kukugharimu GB 3 au GB 30, inategemea umebonyeza nini. Ukishapiga hesabu hiyo hutavumilia tena mwandishi anayezungukazunguka sehemu tatu nzima kabla hajafika anakokwenda.

Hiyo ya sehemu nne ni Adolescence, ya Uingereza, iliyotoka Machi 2025. Mvulana wa miaka 13, Jamie, anakamatwa na polisi alfajiri nyumbani kwao kwa tuhuma za kumuua msichana wa shuleni kwake. Kila sehemu imepigwa kwa mkupuo mmoja: kamera inawashwa, haikatwi mpaka mwisho. Nilipoambiwa hivyo kabla ya kuitazama nilidhani ni mbwembwe za mafundi. La hasha. Mlango unapovunjwa, wewe unapelekwa pamoja na mtoto mpaka kituoni, dakika kwa dakika. Hakuna pa kujificha. Mwisho wa sehemu ya pili kamera inafungwa kwenye droni na kurushwa juu ya mji bila picha kukatika, na hata hapo hukumbuki ufundi, unamkumbuka baba anayeteremka kwenye gari lake.

Lakini sehemu ya tatu ndiyo iliyonikalisha kimya. Chumba kimoja, mtoto mmoja, mwanasaikolojia mmoja. Owen Cooper, anayemcheza Jamie, hakuwahi kuigiza mbele ya kamera kabla ya hapo, na kwa kazi hii akawa mwanamume mdogo kuliko wote kushinda tuzo ya Emmy ya uigizaji, akiwa na miaka 15. Anaweza kuwa mtoto anayeomba chokoleti ya moto, kisha sekunde moja tu akawa kitu kingine ambacho ungefungia mlango. Niliitazama nikiwa na mpwa wangu aliyekuwa likizo. Shule yao ya bweni hairuhusu simu, na wazazi wake huona kwamba hilo limemaliza kazi. Yeye mwenyewe ndiye aliyenieleza zile alama na vikatuni vidogo ambavyo vijana hutumiana, ambavyo askari mle ndani anashindwa kuvisoma mpaka mwanawe amfundishe. Sikumuuliza alivijulia wapi. Nilipanga kuuliza kesho yake, na niliuliza.

Kasoro inayo. Msichana aliyeuawa, Katie, karibu hayupo. Tunamjua kwa midomo ya wengine. Askari wa kike analisema hilo waziwazi, kwamba watu watamkumbuka muuaji na kumsahau aliyeuawa, lakini kulisema si kulitibu. Pamoja na hayo, ukiwa na mtoto wa sekondari nyumbani na GB mbili tu mfukoni, anzia hapa. Kwa kiwango cha chini zitatosha na chenji itabaki. Kaa naye, usimwachie peke yake.

Sasa, usije ukadhani ufupi peke yake unatosha. Country Queen ya Kenya, iliyoingia Netflix Julai 2022 na ambayo mimi nimeifikia kwa kuchelewa, ina sehemu sita na bado mahali fulani inapwaya. Akisa anarudi kijijini kwao Ukambani baada ya miaka mingi Nairobi na kukuta kampuni ya madini inaitaka ardhi ya watu. Kila tukiwa kijijini, tamthilia inapumua: wanawake wanaongea kama wanawake wanavyoongea, wazee wanabishana, Kiswahili na Kikamba vinapita bila mtu kusimama kutueleza. Sisi wa Tororo, tunaoijua habari ya Sukulu ambako watu walihama kupisha mradi wa fosfeti, hatuhitaji kuelezwa maana ya gari geni kusimama shambani na watu wenye kofia ngumu kuanza kupima. Ila tukirudi kwenye maofisi ya Nairobi, matajiri wanatembea kwa maringo na kusema maneno ya matajiri wa kwenye runinga, nami nikawa naangalia saa. Niliimaliza hata hivyo, na ningeitazama tena kwa ajili ya kile kijiji.

Na urefu nao si dhambi. Slow Horses ya Apple imekwisha kufika msimu wa tano, lakini kila msimu ni sehemu sita zenye kisa chake kinachoanza na kwisha. Ni habari za majasusi wa Uingereza waliovurunda kazi wakatupwa katika ofisi chakavu ya London, chini ya mzee mmoja mchafu wa mwili na wa mdomo, Jackson Lamb, anayechezwa na Gary Oldman. Mzee ana soksi zilizotoboka na akili kali kuliko idara nzima. Unaweza kutazama msimu mmoja, ukaacha mwaka mzima, ukarudi bila kuhisi umedaiwa. Kitu kimoja: sehemu zake hutoka moja kila wiki. Mimi husubiri zote sita zitoke, nikapakue mahali penye waifai, kisha nizitazame usiku umeme ukikatika.

Tuje kwenye machungu.

Shangazi yangu hasomi Kiingereza kwa kasi ya maandishi ya chini, na amezoea filamu za vibandani, zenye VJ anayefasiri, kucheka na kugombana na waigizaji. Hapa mpakani tumebahatika, maana ukitoka kwa VJ wa Kiluganda unavuka unamsikia DJ Afro wa Kenya kwa Kiswahili. Kwa hiyo nilipomfungulia Squid Game ya Korea, ya watu wenye madeni wanaocheza michezo ya kitoto ambayo anayeshindwa anauawa, msimu ule wa kwanza wa mwaka 2021, kazi ya kufasiri ikaniangukia mimi. Shangazi ana masharti. VJ hanyamazi. VJ haiti wahusika kwa majina yao ya Kikorea yasiyokaa kichwani, anawapa majina. Basi mchezaji namba 456 akawa Mzee wa Madeni, yule msomi rafiki yake akawa Wakili ingawa si wakili, na kikongwe cha namba 001 kikawa Babu. Sehemu zote tisa zilikwenda hivyo, na nakwambia hakuna tamthilia niliyoifurahia zaidi mwaka huo, ingawa nilikuwa nimeshaijua. Ilipofika ile sehemu ya gololi, VJ mwenyewe sauti ilikatika, na Shangazi akasema nisiendelee kusoma, ameshaelewa.

Ndiyo maana msimu wa pili na ule wa tatu iliniuma. Msimu wa pili ulitoka siku moja baada ya Krismasi ya 2024, sehemu saba, ukaishia katikati ya vita. Si kwamba ulifungwa kwa fumbo, ulikatwa. Shangazi aliuliza kama data imekwisha. Tukasubiri mpaka mwisho wa Juni 2025 kupata sehemu sita za kumalizia, na kufikia hapo alikuwa amesahau nani ni nani, majina yangu yote ya VJ yamepotea. Kisa kile kingeweza kukaa katika msimu mmoja wa sehemu nane au tisa kama wa kwanza. Badala yake kuna mpelelezi anayezunguka baharini kutafuta kisiwa muda wote huo bila faida, na kuna wale matajiri wa vinyago wanaoongea Kiingereza kama wanasoma bango la barabarani. Mchezo wa kuruka kamba ulikuwa wa kutisha kweli, hilo siwanyimi. Lakini wa kwanza ulikuwa habari ya madeni na aibu ya maskini, na huu mwingine ukawa habari ya tamthilia iliyopata umaarufu.

Mtu akiniuliza siku hizi, nasema: tazama wa kwanza, simama hapo. Na uitazame kwa sauti ya Kikorea. Ile ya Kiingereza iliyopachikwa juu inawafanya wote wafanane, mwenye njaa na aliyeshiba.

Stranger Things nayo, ya watoto wa Marekani wanaopambana na madude, ndiyo ile ya alfajiri ya Januari mosi, ilimaliza safari yake ya miaka karibu kumi kwa kukatwa vipande vitatu: sehemu nne mwishoni mwa Novemba, tatu wakati wa Krismasi, na moja ya zaidi ya saa mbili kufungia mwaka. Kwa mwenye kulipa kwa mwezi, mgawanyo huo una maana moja tu, nawe unaijua. Watoto wa msimu wa kwanza walikuwa wadogo kweli na kuogopa kwao kulikuwa kwa kweli. Katika huu wa mwisho watu wazima wanaeleza mpango, kisha wanaeleza mpango mwingine, na dude likija unakuwa umechoka kusubiri. Sikuiacha kwa sababu ya miaka niliyokwisha kuitumia, na hiyo ni sababu mbovu ya kutazama chochote.

Kwa hiyo kabla ya kuanza tamthilia yoyote natafuta mambo mawili: ina sehemu ngapi, na imekwisha au bado inaandikwa. Trela siiangalii, trela zote ni nzuri. Kisha naipa sehemu mbili. Kama baada ya hapo sijui mhusika mkuu anataka nini, naifuta kwenye simu bila kumhurumia mtu. Nenda kwenye mipangilio ya akaunti yako uzime ile ya kuendelea yenyewe kwenye sehemu inayofuata, maana hiyo ndiyo inayomalizia bando ukiwa umelala na simu kifuani. Pakua badala ya kutazama moja kwa moja, na ukumbuke vilivyopakuliwa vina muda wake. Vingine ukishabonyeza kuanza unabaki na saa 48 tu, kwa hiyo usifungue kitu kuchungulia.

Sheria zangu zote hizo zina mwanya mmoja, na Shangazi anaujua. Young, Famous & African haina mwanzo wala mwisho, haina kisa, watu wanakaa Johannesburg wanagombana kwa chakula cha jioni. Lakini yumo Zari, binti wa Jinja, na Diamond naye akatokea, na hapo huwezi kumwambia mtu wa Afrika Mashariki ati ahesabu sehemu. Msimu wa tatu tuliumaliza haraka kuliko tamthilia yoyote ya heshima. Shangazi hahitaji hata VJ. Ugomvi wa namna ile anausoma usoni. Hiyo tunaipakua kwa kiwango cha chini kabisa, nguo zinaonekana vizuri tu.